Kabla Hujazima Sauti, Uliza Nani Anasikiliza

Vijana wa kitengo cha kompyuta wameniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu miaka yangu ya kazi, ili wanaoajiriwa sasa wasome wakinywa chai. Nadhani walitarajia hadithi tamu. Nimestaafu juzi tu na bado nina hasira, kwa hivyo chai hiyo mtainywa na tangawizi nyingi. Vyeo nilivyopata havitawasaidia kitu, na mshahara mnaujua. Nitaandika juu ya sauti ya kompyuta, jinsi ya kuizima na jinsi ya kutoizima, kwa sababu hapo ndipo nilipoona ujinga mkubwa kuliko wote niliowahi kuuona kazini, na ujinga huo nusura umle mtu.

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa kompyuta, kwa kuwa hazikuwepo. Ilikuwa Kitui, nami nilitoka kwetu Mbooni na sweta ambalo joto la Kitui lilinivua kabla ya saa nne. Nilikabidhiwa kwa fundi wa simu aliyeitwa Mulwa, mtu mfupi ambaye hasira zake zilikaa karibu na mdomo. Kiunoni alining'iniza simu ya fundi, ile yenye vibanio viwili vya kushika waya popote pale. Aliniingiza katika chumba cha nyaya, nikaona waya mmoja mkuukuu usio na kibandiko. Nikaushika nikamuuliza kama tuukate tupunguze uchafu. Alinipiga kofi mkononi kama mtoto aliyegusa sufuria ya muthokoi kabla ya wageni.

"Huo waya uko na mwenyewe. Unamjua?"

"Simjui."

"Basi uliza."

Akabana vibanio vyake, akapiga. Ikalia muda mrefu, kisha sauti ya mwanamke ikaitika kutoka mbali.

"Ni fundi, mwaitu," Mulwa akasema, akimwita mama kwa Kikamba, kwa upole ambao sikujua anao. "Tulitaka kujua kama uko."

"Niko. Kwani nitaenda wapi?"

Ndivyo nilivyosoma kazi. Mulwa hakuwa na cheti cha kutundika ukutani, na mambo mengine aliyonifundisha yalikuwa ya uongo mtupu, kwa mfano kwamba radi haipigi mtu aliyevaa raba. Lakini hilo la kuuliza kabla ya kukata nililishika, na lilipokuja kukanyagwa na watu wenye viyoyozi ofisini, niliwaka.

Kompyuta zilipokuja nilipelekwa kuzifunga mashuleni. Kanyangi kulikuwa na shule iliyopewa mashine za msaada, za zamani, kumbukumbu yake ndogo hata ukifungua kalenda inakohoa. Hapo nilijifunza kuzima huduma, yaani zile programu ndogo zinazojiendesha chinichini bila mtu kuziona. Msinielewe vibaya. Sisemi usizime. Mashine isiyo na bluetooth haihitaji huduma ya kupeleka sauti kwa bluetooth. Mashine ya kuchapa mitihani haihitaji programu ya kuifanya ngoma ivume kama ya harusi. Zima, mashine ipumue. Shule ile ilipata nafuu, na mwalimu mkuu akanipa kuku, ambaye alinisumbua safari nzima hadi mjini.

Ila sauti ina ukoo wake, na ukiua mzee wa ukoo watoto wote wananyamaza. Kwenye Windows kuna huduma iitwayo Windows Audio, hiyo ndiyo yenyewe. Chini yake kuna nyingine, Windows Audio Endpoint Builder, ambayo kazi yake ni kutambua spika ziko wapi, maikrofoni iko wapi, hedifoni iko wapi. Jina lake halivutii. Fundi aliyenitangulia Kanyangi aliona jina refu lisilo na maana kwake, akaizima. Nikakuta sauti haipo, nikaiwasha Windows Audio mara nyingi, ikakataa kila mara, kwa sababu inamtegemea huyo aliyezimwa. Alasiri yangu yote iliishia hapo. Tangu siku hiyo nikawa sizimi kitu kabla ya kufungua ukurasa wake na kusoma nani anamtegemea nani. Na kitu nisichokuwa na hakika nacho sikizimi kabisa. Nakiweka kiwashwe kinapoitwa, basi. Kikiitwa kitaamka, kisipoitwa kitalala. Kisha nawasha mashine upya, nasikiliza, ndipo nagusa kingine. Kimoja kimoja. Kijana anayezima vitu kumi kwa mkupuo halafu anasema sauti imepotea yenyewe, mimi humtazama tu.

Kuna wa tatu katika ukoo huo, na huyu ndiye aliyenitia moto. Kampuni inayotengeneza kadi ya sauti huleta huduma yake. Mara nyingi ni takataka kweli, picha za rangi na vitufe vya mwangwi. Lakini kwenye mashine nyingine, takataka hiyo ndiyo inayojua kwamba umechomeka hedifoni upande wa mbele. Ukiizima, mashine haijui. Inaendelea kupeleka sauti kwenye soketi ya nyuma, ambako pengine hakuna kilichochomekwa. Mashine inaongea, na hakuna anayesikia.

Nilihamia Makueni, na miaka yangu ya mwisho niliimaliza katika hospitali ambayo sina haja ya kuwatajia. Pale mlangoni, kwenye kichumba kando ya mapokezi, alikaa Syombua, opereta wa simu. Syombua haoni tangu utotoni. Alisomea kazi ya simu, akaifanya tangu enzi za mashine ya vitufe vizito, na zilipoletwa simu za kupitia kompyuta mimi ndiye niliyemwekea programu inayosoma skrini. Simu ikiingia, programu inamwambia sikioni imetoka wapi. Anabonyeza, anaongea kwa hedifoni zilezile, anaunganisha wodi. Hedifoni zake zilikuwa kuukuu, sponji imeisha, akazishonea vitambaa vya sweta. Alijua sauti ya kila zahanati. Muuguzi wa Kilungu akisema haloo tu, Syombua ameshaita ambulensi.

Sasa nifike kwenye ujinga wenyewe. Ninyi mnaofanya kazi huku mnajua Jumatatu zetu. Tunaanza na ibada, mtu anaomba, mwingine anatoa neno, kisha tunatawanyika, lakini ibada haiishi. Mhasibu anaweka nyimbo za kwaya kwenye kompyuta yake, watu wa chumba cha rekodi wanaweka mahubiri, maabara wanaweka mahubiri mengine, na kufikia saa tano jengo zima linahubiriwa na wachungaji wanne wasiokubaliana. Hakuna aliyethubutu kulalamika. Utamwambia nani azime neno la Mungu?

Siku moja wakaja wageni wakubwa. Msimamizi wetu, ambaye sote tulimwita Bosi, alikuwa anawaeleza jinsi huduma zilivyoboreka, na papo hapo mhubiri wa chumba cha rekodi akanguruma ukutani, "Waongo wote sehemu yao ni katika ziwa la moto." Wageni walicheka. Bosi hakucheka. Wageni walipoondoka tu akaamuru sauti izimwe katika kila kompyuta, na spika zote zitiwe kwenye gunia zifungiwe stoo. Akaongeza kwamba mashine zitapata kasi. Angeweza kuwaambia watu wapunguze sauti. Lakini kwa hilo ingebidi awatazame waumini usoni, na kwake ilikuwa rahisi kuwanyamazisha kwa kompyuta.

Mimi nilikuwa Mbooni, nafunga mashine kwenye zahanati za milimani, napanda kwa bodaboda na skrini nimeikumbatia kifuani. Kazi ikapewa Kelvin, kijana wetu mwenye digrii. Kelvin si mjinga, naandika hivi akijua. Aliambiwa simu ihifadhiwe, kwa hivyo kwenye mashine ya Syombua aliacha ile huduma ya kwanza na ya pili. Ya tatu, ile ya kampuni ya kadi, akaiona takataka. Akaizima akaenda.

Hedifoni za Syombua zikafa. Akamwita Kelvin. Kelvin akaja na kaspika kake, akakachomeka nyuma ya mashine, kakalia vizuri. Akatazama skrini, akaona ile mistari ya kijani inayopanda na kushuka sauti inapopita. Akamwambia inafanya kazi. Akachomoa kaspika kake akaondoka nako. Hakuvaa zile hedifoni. Aliniambia baadaye kwamba aliona vile vitambaa vya sweta na hakutaka kuvaa kitu kilichotoka kwenye masikio ya mtu mwingine.

Syombua akaita tena. Kelvin akaja tena. Mistari ya kijani ilikuwa inaruka. Mara ya tatu hakuja, alipeleka ripoti kwa Bosi kwamba mashine ni nzima na shida ni ya mtumiaji. Simu zikahamishiwa kwenye simu ya mkononi ya binti wa mapokezi, ambaye ana foleni ya wagonjwa mbele yake tangu asubuhi. Kichumba kikafungwa. Na Syombua, mtu mwenye cheti cha kazi ya simu na miaka yote ile, akaandikiwa uhamisho kwenda chumba cha kukunja bandeji. Bosi alisema ni kazi nyepesi inayomfaa mtu wa hali yake. Maneno hayo, "mtu wa hali yake," ninayaandika hapa ili yasipotee.

Katika siku hizo muuguzi wa Kilungu alipiga simu akiwa na mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Ikalia, ikakatika, ikalia, ikakatika. Wakamleta kwa pikapu ya kubeba maembe. Mama alipona. Juu ya barabara ile sitasema zaidi, kwa sababu nikisema nitavunja hii kalamu.

Niliporudi nilimkuta Syombua kwenye bandeji, anakunja haraka kuliko wote na uso umefungwa.

"Kioko, umerudi," akasema kabla sijafungua mdomo. Alinijua kwa viatu. "Sasa wewe niambie ukweli. Mimi nimezeeka?"

"Nani amesema?"

"Wamesema nafinya vibaya. Wamesema kompyuta iko sawa, ni mimi. Kioko, mimi si kiziwi. Mimi ni kipofu. Hawa watu wamechanganya."

"Uliwaambia nini?"

"Niliwaambia ile mashine inaongea mahali pengine. Nikifinya nasikia inajibu kwa ndani, feni inabadilisha mwendo. Inaongea, lakini si kwangu. Wakacheka."

Nilimshika mkono tukaenda kichumbani. Nilimwita Kelvin, na nilimwita vibaya, hadi wagonjwa wa foleni wakageuka. Tukawasha mashine. Akanionyesha skrini.

"Mzee, si unaona? Inafanya. Mistari ya kijani inaruka."

"Vaa hizo hedifoni."

"Lakini mzee..."

"Vaa."

Akavaa. Nikabonyeza. Mistari ikaruka. Uso wa Kelvin ukabaki vilevile kwa muda, kisha ukaanza kubadilika.

"Sisikii kitu," akasema polepole.

"Amekwambia hivyo mara ngapi?" nikamuuliza.

Nikachomoa hedifoni mbele, nikazichomeka nyuma, na sauti ikamjaa masikioni hadi akashtuka. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yote. Kuhamisha waya kutoka mbele hadi nyuma. Angemwamini Syombua siku ya kwanza, mama wa Kilungu angepata ambulensi, na bandeji zingekunjwa na mashine ya kukunja ambayo tunayo na haifanyi kazi kwa sababu nyingine ya kijinga. Kisha nikafungua orodha ya huduma, nikairudisha ile ya kampuni ya kadi iwake yenyewe, nikawasha mashine upya, nikarudisha waya mbele. Syombua akavaa, akatulia, akabonyeza. Midomo yake ikasogea akirudia maneno anayosikia.

"Iko," akasema. Kisha akageuza uso upande wa Kelvin. "Kijana, umekula?"

"Bado, mama."

"Enda ukule. Ukirudi nitakuonyesha vile hii kitu inafanyaga kazi."

Mimi nisingemwambia hivyo. Mimi nilikuwa bado natafuta maneno makali zaidi. Lakini Kelvin alirudi, akakaa naye kila siku baada ya kazi, na leo akizima kitu chochote anaanza kwa kuvaa hedifoni za mwenye mashine. Hayo ni yake, ninampa.

Nilikwenda kwa Bosi na zile hedifoni mkononi. Nikamweleza, nikamwomba azivae mwenyewe asikie tofauti. Alizitazama, akasema hana haja, ananiamini. Nikasema kama ananiamini, afute uhamisho wa Syombua na awaambie watu kwamba kosa halikuwa lake. Akaegemea kiti.

"Arudi kwa simu, sina neno. Lakini uhamisho ubaki kwa faili kwanza. Tutaangalia."

"Utaangalia nini, Bosi?"

"Kioko, wewe unastaafu. Hii vita si yako."

"Na ile amri ya sauti?"

"Amri ni amri. Hata laptopu yangu ilizimwa. Sheria haina ubaguzi."

Kwa hivyo Syombua alirudi kichumbani akiwa na uhamisho juu ya kichwa chake, ambao ungeweza kushuka siku yoyote simu ikikatika. Watu kwenye korido walimsemesha kwa sauti ya huruma, kwa kuwa walichosikia wao ni kwamba ameshindwa na kazi akaonewa huruma. Nilimsikia binti mmoja akisema, "Maskini, wamemwachia tu." Nilitamani kulia na kupiga mtu kwa wakati mmoja.

Nilipobakiza muda mfupi, kamati ya kuniaga ikaniuliza nataka zawadi gani. Mbuzi, au kile kiti cha kujilaza ambacho kila mstaafu hupewa kana kwamba tumeajiriwa upya kulala? Nikasema sitaki mbuzi wala kiti. Nataka kitu kimoja, Bosi asimame mbele ya wote aseme uhamisho wa Syombua umefutwa na kosa lilikuwa la ofisi. La sivyo sihudhurii, waile pilau yao. Walikwenda wakarudi, wakasema amekubali. Nadhani alihofia vile karamu isiyo na mwenyewe ingeonekana.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa, kwaya ya hospitali ikaimba, mchungaji akaomba kwa urefu unaostahili mtu anayeenda mbali, ingawa mimi naenda Mbooni tu. Syombua alikaa safu za nyuma na wapishi. Bosi alikuwa ametayarisha hotuba kwenye laptopu yake, na kwa kuwa alitaka irekodiwe, maikrofoni ikapitishwa humohumo kwenye laptopu, na waya mwingine ukatoka hapo kwenda spika kubwa. Kelvin alimnong'oneza jambo. Bosi akamfukuza kwa mkono. Akasimama, akagonga maikrofoni, akaanza.

Hakuna kilichotoka. Tuliona midomo. Tuliona mkono ukipanda na kushuka, ukinielekea mimi, kisha ukielekea nyuma ya ukumbi. Feni za dari zilikuwa zinanguruma, watoto wa wafanyakazi wanakimbizana, na kutoka pale mbele hakufika neno. Mashine yake ilikuwa imesafishwa kama ya Syombua, kwa amri yake: huduma mbili za kwanza zimeachwa, ya tatu imezimwa. Haikujua kwamba kuna waya uliochomekwa. Sauti yake ilikuwa inakwenda kwenye vispika vya ndani, ambavyo vilikuwa vimeshushwa hadi mwisho.

Alifika mwisho wa ukurasa ndipo akatambua. Akanitazama. Ukumbi mzima ukanitazama, kwa kuwa hata siku ya kuagwa fundi ni fundi. Nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti cha kujilaza, maana walikinunua hata hivyo. Sikuinuka. Nilinyoosha shingo nikaitazama skrini yake.

"Bosi, inafanya kazi," nikasema. "Mistari ya kijani inaruka."

Kelvin aliinamisha kichwa. Huko nyuma mtu mmoja akacheka, cheko la tumboni, na hakuna asiyejua cheko la Syombua. Bosi akasimama na ile maikrofoni iliyokufa. Ninaamini wakati huo alielewa, ingawa sitamtolea ushahidi. Akaiweka maikrofoni mezani.

"Nilikuwa nasema," akaanza, kwa sauti yake mwenyewe, ambayo kumbe ni ndogo, "ya kwamba ule uhamisho wa Syombua umefutwa. Kosa halikuwa lake. Lilikuwa letu."

Watu waliokaa mbele wakaanza kupiga makofi. Syombua akasimama katikati ya wapishi, mkono juu kama mwanafunzi.

"Bosi," akasema, "huku nyuma sijasikia. Rudia."

Akarudia.